Bunduki ya Nani, na ya Kumlinda Nani?

Majuzi nilialikwa kuwa mwamuzi katika mdahalo wa wanafunzi wa shule za upili jijini Nakuru. Hoja iliyokuwa mezani ilisema hivi: "Kila raia mwenye akili timamu aruhusiwe kumiliki bunduki ili ajilinde." Vijana walikuwa wamejiandaa barabara. Upande wa utetezi ulianza na Katiba ya Marekani na marekebisho yake ya mwaka wa 1791. Upande wa upinzani ukajibu kwa mauaji ya wanafunzi katika shule za huko huko Marekani. Utetezi ukarudi na takwimu, upinzani nao ukarudi na zao. Baada ya nusu saa nilikuwa nimesikia habari za Texas nyingi kuliko za Tiaty, na habari za Chicago nyingi kuliko za Kuresoi.

Mwenyekiti alipowaruhusu wasikilizaji kuuliza maswali, akasimama msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa ameketi safu ya nyuma. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alimsikia: "Bwana Mwenyekiti, mimi sijui mambo ya Marekani. Kwetu ni Baringo Kusini. Palikuwa na polisi wa akiba aliyekuwa akitusindikiza shuleni na bunduki yake. Serikali ilipoichukua ile bunduki, tuliacha kwenda shule. Wale waliokuwa wakituibia mbuzi hawakurudisha zao. Ninaomba ndugu zangu wa upinzani wanieleze: kesho asubuhi tufanye nini?"

Ukumbi ulinyamaza. Msemaji mkuu wa upinzani, kijana hodari ambaye nilikuwa nimekwisha kumpa alama za juu, alifungua kinywa, kisha akakifunga. Kengele ikalia. Tukapiga makofi, tukagawa zawadi, tukanywa chai na mandazi, tukaenda zetu. Swali la msichana yule halikujibiwa na yeyote, wala na mimi mwamuzi. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Kazi yangu ni lugha, kwa hivyo nitaanza kwa maneno, maana mdahalo mzima uliharibika kwa sababu ya neno moja. Vijana wale walisema "kujilinda" kana kwamba neno hilo lina maana moja tu. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na si bure. Kujikinga ni kuweka kitu kati yako na hatari. Mwenye mwavuli hujikinga mvua bila ya kupigana nayo. Kujihami ni kupambana na shambulio lililokwisha kukufikia. Kujitetea, kwa asili yake, ni jambo la ulimi: mtu huteta, kisha akatetea, kisha akajitetea mbele ya wazee au mbele ya hakimu. Kujilinda ni kukaa macho. Mlinzi hushika lindo, na lindo lake likiwa jema, usiku hupita bila ya tukio lolote.

Sasa tazama majina ya silaha zenyewe. Risasi ni neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini ile nzito ambayo kwayo risasi hufanywa. Bunduki nayo imetoka Kiarabuni. Wapo wanaoihusisha na tunda dogo la mviringo, na wapo wanaoihusisha na mji wa Venice, ambao Waarabu waliuita kwa jina linalokaribiana na hilo. Bastola tuliletewa na Wareno. Vitu hivi vilifika pwani kwa jahazi na merikebu, majina yake yakiwa ndani ya shehena. Lakini linda na kinga ni maneno ya Kibantu, ya kale kuliko bunduki yoyote iliyopata kulia katika nchi hizi. Wazee wetu walikuwa wakilindana karne nyingi kabla ya baruti. Sisemi kwamba hawakuuana. Walikuwa na mikuki na mishale, nao waliitumia. Ninasema tu kwamba bunduki na ulinzi ni vitu viwili, na anayetaka kuvifanya kimoja ana wajibu wa kuthibitisha.

Sheria yetu inasemaje? Katiba ya mwaka wa 2010 haimpi raia haki ya kumiliki silaha. Inampa haki ya kuishi, na katika Kifungu cha 29 inampa haki ya kutotendewa ukatili wa aina yoyote, uwe unatoka serikalini au kwa mtu binafsi. Maana yake ni kwamba raia ana haki ya kulindwa. Bunduki inaruhusiwa kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, ambayo humtaka mwombaji wa cheti aonyeshe kwamba ana sababu njema ya kuwa na silaha, na kwamba kuwa nayo hakutahatarisha usalama wa umma. Nayo Kanuni ya Adhabu inakubali kwamba mtu anaweza kutumia nguvu kujihami yeye au mali yake, ila kwa masharti ambayo mahakama zetu zimeyarithi kutoka sheria ya Kiingereza: hatari iwepo kweli au mtu awe na sababu ya kuamini kwamba ipo, iwe karibu, si ya mwezi ujao, na nguvu zinazotumika zilingane na hatari yenyewe. Anayempiga risasi mwizi wa kuku aliyekwisha kutimua mbio hajihami. Huyo analipiza kisasi.

"Sababu njema." Maneno mawili tu, lakini ndani yake mna historia nzima ya Bonde la Ufa. Sheria hiyo ya silaha ilitungwa mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Mwezi wa Januari mwaka huo familia ya walowezi iliuawa shambani Kinangop, na mwezi wa Machi wapiganaji wa Mau Mau wakavamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki na kuwafungulia mahabusu. Katika mashamba ya nyanda za juu walowezi walikula chakula cha jioni huku bastola zikiwa mezani kando ya sahani. Sababu yao ilikuwa njema machoni pa serikali. Mwafrika aliyeonekana na bunduki, hata ile ya kujiundia kwa bomba la maji na komeo la mlango, alihesabiwa kuwa mtu wa kunyongwa. Waafrika zaidi ya elfu moja walinyongwa katika miaka ile kwa makosa ya Hali ya Hatari, na wengi miongoni mwao hawakuhukumiwa kwa kuua, bali kwa makosa kama kumiliki silaha au risasi na kulisha kiapo. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, alipelekwa mahakamani kwa shtaka la kuwa na bastola na risasi.

Ninawaomba walimu wa historia waliseme jambo hili waziwazi darasani. Shujaa ambaye sanamu yake imesimama katikati ya Nairobi alihukumiwa kifo kwa kosa la kumiliki bunduki bila ya kibali. Kwa hiyo mtoto wa Bonde la Ufa anapouliza ni nani mwenye haki ya kuwa na bunduki, hachezi. Anauliza swali ambalo babu yake aliliuliza. Katika nchi hii bunduki iliyoruhusiwa kwa sheria ilikuwa mpaka kati ya mtu aliyehesabiwa kuwa na maisha ya kulindwa na mtu aliyehesabiwa kuwa hatari.

Je, mpaka huo uliondoka na bendera ya Mwingereza? Tukumbuke yaliyotokea Soysambu, shamba kubwa lililo kando ya Ziwa Elementaita, mwendo mfupi tu kutoka Nakuru. Mwezi wa Aprili 2005, Thomas Cholmondeley, mjukuu wa kizazi cha nne wa Lord Delamere mlowezi, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori aliyekuwa kazini akichunguza biashara ya nyamapori bila ya sare. Cholmondeley alisema alidhani watu wale ni majambazi na kwamba alikuwa akijihami. Mwezi uliofuata Mkuu wa Sheria aliifuta kesi ya mauaji, na Wamaasai wakaandamana kwa hasira. Mwaka mmoja haukuwa umetimia tangu kesi ile ifutwe, Mei 2006, katika shamba lile lile, risasi ya mtu yule yule ikamuua Robert Njoya, mwashi wa mawe, aliyekuwa ameingia shambani na wenzake na mbwa, nao wakiwa wamepata swala. Mara hii kesi ilisikizwa mpaka mwisho. Mei 2009 mahakama ilimtia Cholmondeley hatiani kwa kuua bila ya kukusudia, na kumhukumu kifungo cha miezi 8 juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Naye alifariki mwaka wa 2016.

Siyataji haya ili kuwasha upya chuki za rangi. Tena haki inanidai niseme kwamba hofu ya wenye mashamba wakati ule haikuwa ya kubuni. Januari 2006 Joan Root, mtengenezaji filamu za wanyama aliyependa na kulitetea Ziwa Naivasha, aliuawa nyumbani kwake na watu wenye bunduki. Hofu ilikuwapo. Lakini Soysambu inatufundisha jambo ambalo wanamdahalo wangu hawakuligusa: hofu haiwezi kuwa kipimo cha hatari. Mtu aliyeshika bunduki akiwa na hofu humwona jambazi katika kila kivuli, na kivuli hicho kikiwa cha afisa wa serikali au cha mwashi maskini aliyekwenda kutafuta kitoweo, risasi haina habari. Bunduki ilimsadikisha mwenyewe kwamba yeye ni mlinzi, mwendesha mashtaka na hakimu, wote kwa pamoja na kwa dakika moja.

Watetezi wa bunduki watanijibu: hayo ni ya mtu mmoja, vipi wananchi waliochinjwa makundi kwa makundi kwa kukosa cha kujihami? Hili ni jibu zito, na sisi wa Nakuru hatuwezi kulipuuza. Mapigano yaliyoanzia Meteitei, wilaya ya Nandi, Oktoba 1991 yalifika Molo na Olenguruone mwaka wa 1992. Yalirudi Njoro na Laikipia Januari 1998. Yakaja tena, kwa ukali usio kifani, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mara zote hizo silaha za wavamizi zilikuwa hasa mishale, mapanga, marungu na viberiti. Naivasha, Januari 27, 2008, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja katika mtaa wa Kabati. Je, bastola moja mlangoni haingewaokoa?

Sijui jibu la nyumba ile, na ninamwogopa mtu anayejidai kulijua. Ninachojua ni hiki. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia zile ilihesabu vifo 1,133. Miongoni mwao, 405 vilitokana na risasi, na risasi hizo zilitoka katika bunduki za polisi, yaani za watu waliofunzwa, waliovaa sare, na wenye wakubwa wa kuwauliza. Ikiwa katika mikono hiyo bunduki iliua kiasi hicho, hebu tufikirie ingeua kiasi gani katika mikono ya vijana wa vizuizi vya barabarani, kila kabila na zake. Na wazo hilo halikuwa mbali: mwaka wa 2009 BBC iliripoti kwamba watu wa pande zilizopigana katika Bonde la Ufa walikuwa wakinunua bunduki, ili ghasia zikija tena zisiwakute na mapanga tu. Kila upande ulisema unajilinda, na hapana hata mmoja uliosema unajiandaa kushambulia.

Hapa nitaomba radhi ya msomaji nieleze niliyoyaona kwa macho yangu. Januari 2008 nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga chumba katika mtaa mmoja wa Nakuru. Ijumaa, tarehe 25, mji ulikuwa unafuka moshi, kafyu ilikuwa imetangazwa, na wanajeshi walikuwa wameanza kuonekana barabarani. Ndani ya lango la ploti yetu tulikesha wanaume kumi na wawili wa makabila matano, tukiwa na marungu, vyuma na mawe. Mmoja wetu, afisa mstaafu, alikuwa na bastola yenye leseni. Sitaficha: sote tulitaka kusimama karibu naye.

Yapata saa nane za usiku tuliona watu wakija kwa kunyatia kando ya ua. Yule mstaafu aliinua bastola. Mzee mmoja muuza makaa akamshika mkono akamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu, waulize kwanza." Kisha yeye mwenyewe akapaza sauti kwa Kiswahili: "Nyinyi ni akina nani, na mnataka nini?" Kimya. Halafu sauti ya woga ikajibu, kwa Kiswahili pia: "Sisi ni wa ploti ya chini. Tumesikia nyinyi ndio mnaokuja kutuchoma." Walikuwa majirani zetu. Miongoni mwao alikuwamo fundi aliyenishonea suruali niliyokuwa nimeivaa usiku ule. Kama si swali la mzee yule, tungaliua watu waliokuwa wakijilinda dhidi yetu, sisi tuliokuwa tukijilinda dhidi yao.

Lakini hadithi haiishii hapo, na kama ningeikatia hapo ningekuwa nimewadanganya. Usiku uliofuata lilikuja kundi la kweli, lenye mapanga na petroli. Yule mstaafu akapiga risasi mbili hewani. Kundi likatawanyika. Tulimkumbatia, wengine wakilia. Nami nikaamini kwamba bunduki imetuokoa, na mpaka leo sina sababu ya kukana hivyo. Asubuhi ndipo tulipopata habari kwamba kundi lile, lilipotukimbia, lilikwenda mtaa wa pili ambako hapakuwa na bunduki, likachoma nyumba huko. Bunduki yetu ilikuwa imeligeuza kundi njia, basi. Tangu siku ile siwezi kusimama upande wowote wa mdahalo huu kwa raha.

Kwa hiyo simcheki anayesema kwamba bunduki ya raia huokoa. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa watu walikuwamo raia wenye bastola za leseni. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao, na picha za siku ile zilizunguka dunia nzima. Lakini tuangalie walifanya nini. Hawakubaki nyumbani kulinda televisheni zao. Waliingia mahali penye hatari kuwatoa watu wasiowajua. Silaha zao zilikuwa zimeandikishwa, na majina yao yalijulikana. Mfano wa Westgate ni mfano wa raia kulindana, na haufanani hata kidogo na ile hoja ya "kila mtu na yake".

Turudi sasa Baringo. Bunduki zilizojaa kaskazini mwa Bonde la Ufa hazikuota kama uyoga. Idi Amin alipoanguka mwaka wa 1979, ghala la silaha la Moroto lilivunjwa, na bunduki zikamwagika Karamoja, na kutoka huko zikavuka mpaka. Mwaka wa 1991 serikali za Somalia na Ethiopia zikaanguka, na vita vya Sudan vilikuwa vikiendelea. Mfugaji aliyekuwa na mkuki akamkuta jirani yake ana AK-47. Afanye nini? Akauza ng'ombe, akanunua yake. Jirani akaongeza ya pili. Kila mmoja alikuwa na sababu njema, na sababu ya kila mmoja ilikuwa ni bunduki ya mwenziwe. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki takriban 750,000, nyingi zikiwa hazimo katika daftari lolote. Marekani, ilikadiria, walikuwa nazo milioni 393, zaidi ya idadi ya watu wao. Kama wingi wa bunduki mikononi mwa raia ungekuwa ndio usalama, Bonde la Kerio lingekuwa mahali salama kuliko pote nchini Kenya, na akina mama wa Mukutani wasingalikimbia na watoto mgongoni mwezi wa Machi 2017.

Serikali nayo imejaribu dawa nyingi. Novemba 2016 ilichoma bunduki haramu zaidi ya 5,000 kule Ngong. Desemba 2018 iliagiza wenye leseni wote wapigwe msasa upya, kwa kuwa ilishuku kwamba vyeti vilikuwa vimetolewa kwa watu wasiostahili. Aprili 2019 ikachukua bunduki za polisi wa akiba, kwa hoja kwamba baadhi yao walizitumia vibaya, na hoja hiyo haikuwa ya uongo. Lakini polisi wale, ambao kwa miaka mingi walijitolea bila ya mshahara, ndio waliokuwa ukuta pekee wa vijiji vingi. Ukuta ukabomolewa kabla ya mwingine kujengwa, na majambazi hawakuagizwa kurudisha chochote kwa sababu hawakuwa katika daftari. Miaka michache baadaye serikali ikalazimika kuwaandikisha tena polisi wa akiba. Februari 2023 ikapeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita, Baringo na Laikipia zikiwamo, na kuwapa wenye silaha haramu siku tatu wazisalimishe. Mwenye kumnyang'anya mtu mwavuli wakati wa mvua hana budi kwanza kumwonyesha penye paa.

Basi nimjibu nini msichana yule?

Nitamjibu kwanza kwamba hakuuliza kile ambacho hoja ya mdahalo ilikuwa ikidai. Hoja ilisema "kila raia ajilinde". Yeye hakusema, "Nipeni bunduki," wala hakusema, "Mpeni baba yangu bunduki." Alimtaja mtu aliyejulikana kijijini kwa jina, aliyepewa silaha kwa niaba ya wote, ambayo angeweza kuulizwa habari zake, na aliyeitumia kuwasindikiza watoto wa watu wote kwenda shule. Sarufi yetu ina viambishi viwili vidogo ambavyo kila mwanafunzi wa kidato cha pili anavijua: -ji- ya kujirejea na -an- ya kutendana. Kujilinda na kulindana zinatoka katika shina moja, ila mwelekeo wake ni tofauti. Ya kwanza humrudisha mtu kwake mwenyewe. Ya pili haiwezekani kwa mtu mmoja. Bunduki ya polisi wa akiba, ikisimamiwa vizuri, ni ya kulindana. Bunduki ya kila mwanamume chini ya kitanda chake ni ya kujilinda, mpaka siku jirani atakapoiogopa na kununua yake.

Nitamjibu pili kwamba upinzani haukuwa na haki ya kumwambia tu kwamba bunduki ni mbaya. Anayesema raia wasiwe na silaha anajifunga deni: ni lazima aonyeshe nani atakayewalinda, akiwa wapi, na atafika baada ya dakika ngapi. Mimi ni mmoja wa wanaosema hivyo, kwa hivyo nami ninadaiwa. Ulinzi uanze ndipo silaha zikusanywe, na zikusanywe pande zote siku moja, maana anayenyang'anywa peke yake amehukumiwa. Polisi wa akiba wafunzwe, walipwe, na kila risasi waliyopewa ihesabiwe mbele ya wanakijiji. Shule ya mpakani ipewe walinzi kabla haijapewa rangi mpya. Na bodi inayotoa vyeti vya silaha mijini iulize "sababu njema" kwa maana halisi ya maneno hayo: hatari ya kweli, inayoweza kuelezwa na kuchunguzwa, na kipimo chake kisiwe cheo cha mwombaji wala uzito wa mfuko wake. Mfugaji wa Arabal ana sababu njema kuliko tajiri mwingi anayening'iniza bastola kiunoni katika baa, lakini ni yupi kati yao anayepata cheti?

Kuna watakaosema kwamba ninaota. Kwamba serikali imeshindwa miaka 60 na haitaanza kuweza kesho. Huenda. Dawa ya moto ni moto, wahenga walisema, na katika nyika moto wa kukinga huwashwa kweli kuuzuia moto mkubwa. Lakini huwashwa na watu waliokubaliana, wakajipanga na matawi mabichi mikononi, wakauzima kabla haujawageukia. Kila mtu akiwasha wake kwa wakati wake, hapabaki nyika ya kuokoa.

Ninawaomba walimu warudie mdahalo ule, ila hoja iwe ya hapa kwetu. Waulizeni wanafunzi: katika kijiji chetu, bunduki ziko mikononi mwa nani, zimepatikana kwa njia gani, na zinamlinda nani? Waacheni wale waliotoka Marigat na Kuresoi na Ol Moran waseme kwanza, na wale wa jijini tusikilize. Majibu hayatafanana, na baadhi yake yatauma.

Kuhusu kesho asubuhi, binti yangu, sina jibu la kukupa. Ningekuwa nalo ningelikupa siku ile kabla kengele haijalia. Lakini alama nilizompa yule msemaji mkuu nimekwisha kuzipunguza katika daftari langu, nami mwamuzi nimejipa sufuri.